Jinsi ya kubadili volti ya fleshi kwenye ESP32 bila kuua bodi

Bodi yako ya ESP32 (chipu ndogo ya kuendeshea vifaa vya elektroniki) ilikuwa inawaka fresh kabisa, ukaunganisha kisomeo cha kadi ya SD au kitu kingine kwenye GPIO12 (moja ya pini zake za kuunganishia vitu), ukabonyeza riseti, na sasa siriali, yaani yale maandishi bodi inayotuma kwa kompyuta, inatapika mistari ile ile bila kupumzika:

rst:0x10 (RTCWDT_RTC_RESET),boot:0x33 (SPI_FAST_FLASH_BOOT)
flash read err, 1000
ets_main.c 371

Hapo wengi wanakimbilia kupakia fimwea (programu ya bodi) upya, ikigoma wanafuta fleshi yote, ikigoma tena wanatangaza msiba. Bodi haijafa. Fleshi, yaani kumbukumbu inayotunza programu, imepewa volti 1.8 wakati yenyewe inataka 3.3, basi, ni hilo tu, na dalili iko palepale kwenye mstari wa kwanza ila watu hawaisomi.

Angalia ile boot:0x33. Hiyo namba ni picha ya pini chache ambazo chipu inazichungulia sekunde ile ya kuwaka, kila pini na biti yake: GPIO5 ni 0x01, GPIO15 ni 0x02, GPIO4 ni 0x04, GPIO2 ni 0x08, GPIO0 ni 0x10, na GPIO12 ni 0x20. Bodi inayowaka kawaida unaona 0x13, yaani GPIO0, GPIO15 na GPIO5 ziko juu. Ukiona 0x33 maana yake imeongezeka 0x20, kwa hiyo GPIO12 nayo ilikuwa juu. Na GPIO12 ndiyo inayoamua volti ya fleshi. Ikiwa chini wakati wa kuwaka, fleshi inapata 3.3, ikiwa juu inapata 1.8. Ndiyo, unasoma sawa, pini juu volti chini, imekaa kinyume na ndiyo maana inawachanganya watu kila siku.

Kinachotokea ndani ni hivi. ESP32 ina pini inaitwa VDD_SDIO, hiyo ndiyo inayolisha fleshi (na PSRAM, kumbukumbu ya ziada, kama ipo). Kuna njia mbili za kuilisha: ama chipu inapitisha moja kwa moja ile 3.3 ya nje kupitia ukinzani mdogo wa kama omu 6, ama inawasha regyuleta yake ya ndani inayotoa 1.8. Uchaguzi unafanyika mara moja tu wakati wa riseti, thamani ya pini inashikwa, baada ya hapo GPIO12 iko huru unaweza kuiendesha utakavyo programu ikishaanza. Shida ni ile nusu ya kufumba jicho ya mwanzo. Kama kuna kitu cha nje kimeishikilia juu muda huo, umeliwa.

Ndani ya chipu GPIO12 ina rezista ya kuivuta chini, kama kiloomu 45, dhaifu. Ndiyo maana ukiiacha tupu inasoma chini na kila kitu kinaenda. Sasa kadi ya SD ikitumika kwa nyaya 4 za data, GPIO12 inakuwa DAT2, mmoja wa hizo nyaya nne, na DAT2 inatakiwa ivutwe juu kwa rezista ya kiloomu 10. Piga hesabu: 10 juu dhidi ya 45 chini, pini inakaa kwenye volti 2.7 hivi, na chipu inahesabu kitu kuwa juu kuanzia robo tatu ya 3.3, yaani kama 2.5. Imepita. Kwa hiyo kadi ya SD na fleshi ya 3.3 hawapatani kwa maumbile, hukukosea kuunganisha.

Kabla hujagusa chochote elewa jambo moja, na kama utasahau mengine yote hili lishike: kwenye kazi hii kosa la kwenda juu na kosa la kwenda chini hayalingani hata kidogo. Fleshi ya 3.3 ukiipa 1.8 inanuna tu, haisomeki, ukirudisha volti yake inaamka kama kawaida. Lakini fleshi ya 1.8 ukiipa 3.3 unaiumiza, maana hizi chipu mwisho wa uvumilivu wao ni kama 2.5 (datashiti za kampuni ya Winbond za fleshi za 1.8 zinaandika hivyo kwenye jedwali la mipaka), zaidi ya hapo hakuna anayekuhakikishia kitu. Na zile fyuzi za ndani (biti za chipu zinazoandikwa mara moja tu) tutakazokuja kuzichoma nazo ziko hivyohivyo, zinaruhusu kupanda kutoka 1.8 kwenda 3.3 ila hazirudi. Yaani kila njia isiyo na kurudi kwenye hii kazi inaelekea 3.3. Kwa hiyo kabla hujaiambia bodi "3.3" uwe na uhakika, siyo kuhisi.

Uhakika unaupata wapi? Kwanza soma jina la moduli kwenye kile kibati kinachoifunika chipu. WROOM-32 na ndugu zake ni 3.3. WROVER ndiyo ya kuangalia kwa macho mawili, ile WROVER ya kwanza kabisa ina fleshi na PSRAM za 1.8, na ndani yake kuna rezista ya kiloomu 10 inayoivuta GPIO12 juu makusudi, WROVER-B iliyokuja baadaye ikahamia 3.3. Kwa hiyo ukiwa na WROVER ya zamani mkononi alafu ukasoma mahali "choma 3.3 tatizo liishe", ukafuata, ndo umeimaliza. Kama fleshi inaonekana, iko nje ya kibati, soma namba yake: W25Q32JV ni ya 3.3 (2.7 hadi 3.6), W25Q32JW ni ya 1.8 (1.7 hadi 1.95). GD25Q32 ni 3.3, GD25LQ32 ni 1.8, ile L ndogo inabeba mambo makubwa.

Kama haionekani, iulize yenyewe. Chomoa kila kitu kilichoko GPIO12, bodi ibaki peke yake kama ilivyotoka kiwandani, alafu tumia esptool, programu ya kompyuta ya kuongea na chipu:

esptool.py --port /dev/ttyUSB0 flash_id

Kwenye Windows unaweka COM3 au yoyote uliyonayo. Ukiwa na esptool toleo la 5 kwenda juu amri zinaandikwa kwa kistari, esptool flash-id, zile za mstari wa chini (_) ni mtindo wa zamani. Itakujibu kitu kama:

Manufacturer: ef
Device: 4016

ef ni Winbond, c8 ni GigaDevice. Kwenye hizo mbili tarakimu mbili za kwanza za Device ndizo zenye habari: 40 kwa kawaida ni familia ya 3.3, 60 ni familia ya 1.8. Zile mbili za mwisho ni ukubwa tu, 16 ni megabaiti 4, 17 ni 8, 18 ni 16. Kampuni nyingine zina mpangilio wao, kwa hiyo ukikutana na herufi tofauti usikisie, tafuta datashiti ya hiyo chipu. Ukijibiwa ff na ffff au masifuri matupu basi fleshi haijasomeka kabisa, rudi uangalie kama kweli umechomoa kila kitu.

Na multimita kama unayo itumie. Fleshi yenye miguu 8 inayoonekana, mguu wa 8 ni umeme na wa 4 ni graundi, pima hapo bodi ikiwa imewaka. Kama imefunikwa na kibati, kwenye bodi nyingi za majaribio kuna pini imeandikwa CMD, hiyo ni GPIO11, ndiyo waya wa kuichagua fleshi, na ikiwa imetulia inakaa juu, karibu sawa na VDD_SDIO. Iweke chipu kwenye modi ya kupakia (shikilia BOOT, bonyeza riseti, achia) ili isiwe inahangaika kujiwasha na kuzima, pima CMD dhidi ya graundi. Ukiona 1.8 wakati moduli yako ni ya 3.3, kesi imefungwa.

Sasa tiba. Anza na ya bei rahisi, usikimbilie fyuzi.

Kama kilichoko GPIO12 ni kitu cha kawaida, taa, kitufe, sensa, kihamishe. Kweli kabisa, pini zipo nyingi, hamishia GPIO nyingine isiyo na mambo ya kuwaka, badili namba moja kwenye kodi, ukalale. Nashangaa watu wanaochoma fyuzi kwa sababu ya kitufe. Kama ni kadi ya SD na huhitaji spidi, itumie kwa waya mmoja wa data badala ya nne, DAT1 na DAT2 chipu haizihitaji tena, hivyo GPIO12 unaiachia. DAT3 ya kadi yenyewe bado ivutwe juu, usiiache ikielea.

Kuna wanaojaribu kuweka rezista ya kushindana, waivute GPIO12 chini kwa nguvu kuliko ile 10 ya juu. Kwa kadi ya SD haiendi. Ili chipu isome chini pini lazima iwe chini ya robo ya 3.3, kama 0.8, na ili ufike huko dhidi ya kiloomu 10 unahitaji rezista ya kiloomu 3.3 au ndogo zaidi. Sawa bodi itawaka, ila sasa DAT2 ya kadi imelazwa chini badala ya kuwa juu, umetatua hili umeharibu lile. Kwa sensa isiyojali, inaweza kupita.

Ukibaki na kadi ya nyaya 4, au bodi imeshachapwa na GPIO12 imeenda mahali ambapo huwezi kuibadili, hapo fyuzi ndiyo jibu sahihi, na hata Espressif wenyewe, watengenezaji wa ESP32, wanaipendekeza kwa hali hiyo. Fyuzi za ndani ni biti ambazo zikishaandikwa 1 hazirudi 0 milele. Kwa volti ya fleshi ziko tatu: XPD_SDIO_FORCE inaiambia chipu "achana na GPIO12, nisikilize mimi", XPD_SDIO_REG inawasha umeme wa VDD_SDIO, na XPD_SDIO_TIEH ikichomwa ni 3.3, isipochomwa ni 1.8. Hapo ndipo unaona kwa nini inapanda tu haishuki. Ukichagua 1.8 zinachomwa mbili za mwanzo, ukichagua 3.3 zinachomwa zote tatu, kwa hiyo mtu wa 1.8 anaweza kesho kuongeza ile ya tatu, wa 3.3 hana cha kupunguza. Kuna na chaguo la OFF, linachoma FORCE peke yake na kuacha VDD_SDIO bila umeme wa ndani, hilo ni la watu wanaoilisha fleshi kutoka nje, kama sio wewe pita mbali.

Angalia hali ilivyo kwanza, kwa espefuse, programu ya kusoma na kuchoma hizo fyuzi:

espefuse.py --port /dev/ttyUSB0 summary

Itamwaga orodha ndefu, wewe shuka mpaka chini kabisa. Chipu ambayo haijaguswa inasema:

Flash voltage (VDD_SDIO) determined by GPIO12 on reset (High for 1.8V, Low/NC for 3.3V).

Kama inakwambia imeshawekwa na efuse (ndizo hizo fyuzi), simama, kuna mtu alipita kabla yako au kiwanda kimeshafanya, na huenda tatizo lako sio hili. Hii amri haihitaji fleshi iwe inasomeka, inaongea na ROM ya chipu moja kwa moja, kwa hiyo hata bodi iliyokwama kwenye mzunguko wa riseti inaingia vizuri tu ukiiweka modi ya kupakia. Ila chomoa kadi ya SD kwanza, maana GPIO2 nayo ni DAT0, ikivutwa juu chipu inakataa kuingia modi ya kupakia na utadhani kebo ni mbovu.

Kama mkono unatetemeka, fanya mazoezi bila bodi:

espefuse.py --chip esp32 --virt set_flash_voltage 3.3V

Hiyo --virt inaigiza tu, hakuna kinachochomwa. Ukiridhika, sasa ile ya kweli:

espefuse.py --port /dev/ttyUSB0 set_flash_voltage 3.3V

(Toleo jipya: espefuse set-flash-voltage 3.3V.) Itakuonya kwamba hakuna kurudi, alafu inasubiri uandike BURN kwa herufi kubwa. Hapo ndipo pa kuvuta pumzi na kusoma tena: ni poti sahihi? Kama una bodi mbili zimechomekwa, moja WROOM na moja WROVER ya zamani, ttyUSB0 ni ipi? Chomoa ile nyingine kabisa, usiiamini kumbukumbu yako. Tumia pia poti ya USB inayotoa umeme uliotulia, sio kigawanyio kilichobeba vitu sita, maana katikati ya kuchoma hutaki umeme uyumbe. Kuna alama ya kuruka hilo swali la BURN, ipo kwa ajili ya viwanda, mezani kwako haina kazi.

Ikimaliza endesha summary tena, mstari wa chini ubadilike useme volti imewekwa 3.3V na efuse. Rudisha kadi yako, rudisha kila kitu GPIO12, bonyeza riseti. Na hapa usishtuke: boot:0x33 bado utaiona, haitarudi 0x13, kwa sababu pini bado iko juu kweli na chipu inakuripotia ilichokiona. Tofauti ni kwamba sasa haijali. Ukiona 0x33 na chini yake programu inaendelea kuwaka, kazi imekubali.

Kwa wenye fleshi za 1.8 hadithi inageuka. Kwako hatari ni GPIO12 kuvutwa chini wakati wa kuwaka, kwa mfano kitufe kilichounganishwa na graundi kikawa kimebonyezwa, au moduli ya nje ambayo haijapata umeme ikaiburuza pini chini. Hapo unaipa fleshi 3.3 na hupati ujumbe wowote wa onyo. Kwa hiyo kwenye moduli ya 1.8 mimi ningesema ama usiunganishe kitu chochote GPIO12, ama choma:

espefuse.py --port /dev/ttyUSB0 set_flash_voltage 1.8V

na umeifunga bodi upande salama. Alafu kuna jambo moja zaidi, regyuleta ya ndani ya 1.8 inatoa kama miliampea 40 tu, na fleshi ikiwa inaandika au kufuta inakula umeme mwingi ghafla, volti ikizama unapata makosa ya ajabu yanayokuja na kuondoka. Kwenye menuconfig (menyu ya mipangilio) ya ESP-IDF, zana za Espressif za kuandikia programu, sehemu ya butiloda, yaani programu ndogo inayoanza kabla ya yako, kuna chaguo CONFIG_BOOTLOADER_VDDSDIO_BOOST_1_9V, likiwashwa butiloda inapandisha hiyo regyuleta hadi 1.9, bado iko ndani ya kipimo cha fleshi ila inakupa nafasi ya kupumua. Kama umelizima kwa ajili ya "kuboresha", lirudishe. Na kumbuka kwamba GPIO16 na GPIO17 zinakula umeme huohuo wa VDD_SDIO, kwa hiyo kwenye bodi ya 1.8 usitegemee hizo pini zitatoa 3.3 kwa kitu cha nje.

Wanaochora bodi yao wenyewe na chipu tupu: ukiamua 1.8, weka karibu na mguu wa VDD_SDIO kapasita ya mikrofaradi 4.7 na rezista ya kiloomu 2 kwenda graundi. Ukiamua 3.3, kapasita ya mikrofaradi 1 inatosha. Na ukibadilisha fleshi kwa kulehemu, toa ya 3.3 uweke ya 1.8, fanya mpango wa GPIO12 kabla ya kuwasha umeme mara ya kwanza, yaani rezista ya kuvuta juu iwe imeshakaa. Kama hiyo bodi iliwahi kuchomwa 3.3, usihangaike kubadili fleshi, itakula 3.3 maisha yake yote.

ESP32-S2 na S3 wana mchezo huohuo ila pini ni GPIO45, chini ni 3.3 na juu ni 1.8, umeme unaitwa VDD_SPI na fyuzi zinaanza na VDD_SPI_ badala ya XPD_SDIO_, amri ya kuchoma ni ileile. Kwa S3 zenye PSRAM ya oktali ya 1.8, zile ambazo jina la chipu linaishia R8V au R16V, GPIO47 na GPIO48 zinafanya kazi kwa 1.8 pia, kwa hiyo ukiwa na skrini ya 3.3 kwenye hizo pini na haionyeshi kitu, anza kuangalia hapo kabla hujailaumu laibrari.